Wanga uliofungwa

Siku niliyomwambia shangazi yangu kwamba chuoni nimepewa kazi ya kuchunguza wanga, aliacha kuchambua mchele akanitazama juu ya miwani. "Wanga gani?" akauliza. Kwetu Pangani swali hilo si la mzaha. Kuna wanga unaotuama chini ya beseni ukishakamua muhogo uliokunwa, na kuna wanga wanaotoka usiku kwenda kucheza makaburini. Nikamwambia, ule wa beseni, Shangazi. Akarudi kwenye mchele wake. "Huo nao una nini cha kuchunguza mwaka mzima? Si unautia maji ya moto, unakoroga, kwisha."

Mwaka mzima ukawa miaka miwili kasoro miezi.

Yote yalianza na ndoo. Kiwanda kimoja cha sosi ya nyanya kilikuwa kikiagiza kutoka nje wanga wa muhogo ambao tayari umebadilishwa kwa kemikali, na mwenye kiwanda alitaka kujua kama wanga wa muhogo wa hapahapa unaweza kubadilishwa ukafanya kazi ileile. Akamletea mwalimu wangu kilo mbili hivi kwenye ndoo ya plastiki isiyo na lebo. Nikaomba aniulizie: ni wanga wa aina gani hasa? Jibu lilikuja kwa simu, maneno manne: "Ni ule wa asetili." Mwalimu akaniambia nitengeneze wa kwangu, niupime pamoja na huo wa ndoo, kisha nimwambie kama ni ndugu.

Kwa nini mtu ahangaike kubadilisha wanga? Aliyewahi kula kiporo cha ugali anajua. Usiku ugali ulikuwa laini. Asubuhi ni mgumu, unakatika kwa kisu, na pembeni ya sahani kuna majimaji. Haukukauka. Minyororo ya glukosi iliyotawanyika jikoni imerudi usiku kulala ubavu kwa ubavu, ikabanana, ikayafukuza maji yaliyokuwa katikati. Nyumbani hilo si neno, kiporo kinachomwa na chai inashuka. Kwenye kikombe cha mtindi au chupa ya sosi itakayokaa rafuni miezi, mnunuzi akiona maji yamejitenga juu anaamini kimeharibika. Halafu kuna tatizo la pili, na hili ndilo lililonisumbua mimi: wanga wa muhogo ukipikwa na kitu kichachu huku unakorogwa, unakuwa mzito haraka, unang'aa, unapendeza, kisha ghafla unakatika. Unakuwa mlenda unaovutika kutoka kwenye mwiko. Sosi ya nyanya ni chachu, na mwiko wa kiwandani ni wa chuma na hauchoki.

Wanga ni glukosi tupu, lakini imejengwa kwa ramani mbili. Amilosi ni mnazi, shina moja refu, matawi hayapo au ni ya kuhesabu. Amilopektini ni mwembe: tawi juu ya tawi, kwa wastani kila baada ya glukosi 20 hadi 25 linachomoza jipya. Kwenye muhogo amilosi ni chini kidogo ya sehemu moja ya tano, iliyobaki yote ni miembe. Na miembe hiyo ni mikubwa ajabu, molekuli moja ina glukosi makumi ya maelfu hadi malaki, miongoni mwa molekuli kubwa kabisa zinazotengenezwa na viumbe hai. Vyote viwili vimefungashwa ndani ya punje ambazo kwa muhogo zina upana wa mikromita 5 hadi 35 hivi. Ukizitazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa uelekee upande mmoja, kila punje inakuonyesha msalaba mweusi. Msalaba ukiwapo, mpangilio wa ndani ungali mzima. Ukiipika punje, msalaba unafutika.

Kila glukosi iliyo kwenye mnyororo ina mikono mitatu isiyo na kazi, vikundi vya haidroksili kwenye kaboni namba 2, 3 na 6. Kuutia wanga asetili, kipande kidogo cha molekuli kinachotokana na asidi ya siki, ni kuivisha glavu baadhi ya mikono hiyo. Mikono yenye glavu haishikani vizuri, hivyo kiporo kinachelewa kuja. Ndiyo sababu wataalamu wanahesabu kiwango cha ubadilishaji kuanzia 0 hadi 3, yaani mikono mingapi ya kila glukosi imevikwa, kwa wastani. (Shikeni hilo neno wastani. Ndilo lililonila miezi.) Kwa wanga wa chakula hatuikaribii 3 hata kidogo. Kanuni za kimataifa za viungio vya chakula zinataka asetili isizidi asilimia 2.5 ya uzito, na ukipiga hesabu unapata kiwango cha 0.1 hivi: glavu moja kwa kila glukosi kumi.

Nikatengeneza wa kwangu. Muhogo wa sokoni, nikaumenya, nikaukuna, nikauchuja kwa kitambaa, nikauacha utuame, nikamwaga maji ya juu, nikarudia mpaka maji yakatoka meupe kama ya mvua. Kwenye bika unaukoroga wanga na maji baridi mpaka uwe kama tui zito. Joto la chumba linatosha, na Dar es Salaam hilo ni nyuzi 30 bila kuwasha chochote. Unaishikilia pH, kipimo cha uchachu, kati ya 8 na 8.4 kwa matone ya sodiamu haidroksaidi huku unadondosha taratibu anhidridi ya asetiki, ndiyo inayoleta asetili. Mkono mmoja unatia asidi, wa pili unatia alkali, macho yako kwenye mita, na pua imeziba kwa ukali wa siki. pH ikipanda kupita kiasi, asetili iliyokwisha kushika inang'oka. Ikishuka, haishiki. Mwisho unaishusha hadi 4.5, unachuja, unaosha, unakausha.

Nimeliandika hilo "unaosha" kana kwamba ni neno dogo.

Njia ya kawaida ya kupima asetili haina tofauti kubwa na titresheni tuliyofanya sekondari. Unapima gramu 5 za wanga, unaziloweka kwenye alkoholi ya asilimia 75 zisifanye uji, unatia alkali ya kiasi unachokijua, unaiacha ivue glavu zote. Kisha unauliza kwa asidi kutoka kwenye bureti: alkali iliyobaki ni kiasi gani? Fenolfthalini, rangi ya kuonyesha alkali, inakaa pinki, inakaa pinki, unakaribia kusinzia, tone moja na rangi imekwenda. Unafanya vilevile kwa wanga usioguswa, na tofauti ya mililita ndiyo asetili. Wa kwangu ulinipa tofauti ya mililita 7.0 za asidi ya nusu mola. Zidisha kwa 0.5, kwa 0.043, kwa mia, gawa kwa 5: asilimia 3.01. Nimepita kikomo! Wa ndoo ulinipa mililita 4.9, asilimia 2.11, ndani ya kanuni kabisa.

Nikarudia wa kwangu mara tatu. 7.0, 6.9, 7.1. Niliona fahari jinsi namba zilivyokuwa zinakubaliana, nikamwandikia mwalimu kwamba anhidridi yetu ni kali kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa.

Kipimo cha mwanga wa infraredi hakikunisaidia kubishana. Unasaga wanga na chumvi ya potasiamu bromaidi, unaukandamiza uwe kisahani kinachopitisha mwanga, unautia kwenye mashine. Asetili ikiwapo unaona bega jipya karibu na namba 1735, pembeni ya lile la maji lililo 1640. Bega nililiona kwenye zote mbili. Lakini chumvi hiyo inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani mnaijua. Visahani vyangu vilikuwa vinapata ukungu kabla sijafunga mlango wa mashine, na bega la maji lilikuwa linanenepa kila nikitazama. Kilithibitisha asetili ipo. Kiasi gani, wapi, imeshikaje, hakikusema.

Basi zikasafirishwa kwenda kwenye NMR. Ni ndugu wa ile MRI ya hospitali: sumaku kubwa inazipanga haidrojeni, unazigutusha kwa mawimbi ya redio, kisha unasikiliza zinavyoitika. Kila haidrojeni inaitika kwa sauti inayotegemea majirani zake. Wanga unayeyushwa kwenye dimethili salfoksaidi, ambayo haidrojeni zake zimebadilishwa kwa zile nzito ili zinyamaze, na tone la asidi kali linatiwa ili zile za haidroksili zisogee pembeni zisipige kelele juu ya wengine. Haidrojeni iliyo kwenye kiungo cha kawaida cha mnyororo inaitika karibu na 5.1 kwenye mizani ya mashine, ile iliyo penye tawi karibu na 4.8, na zile tatu za asetili zinaitika pamoja karibu na 2. Kilichobaki ni kulinganisha ukubwa wa milima inayotokea kwenye mchoro wa mashine: ukubwa wa asetili gawa kwa tatu, kisha gawa kwa ukubwa wa glukosi. Hakuna bureti, hakuna pinki.

Majibu yalirudi kwa barua pepe baada ya wiki kadhaa. Karibu na 2, kwenye wanga wa ndoo, palikuwa na kilima kipana, kimelala kama Usambara inavyoonekana kwa mbali. Kwenye wa kwangu palikuwa na kilima kama hicho, na ubavuni mwake, kwenye 1.9, mnara mwembamba kama wa simu.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Kisha nikampelekea mzee wa maabara, fundi aliyekuwa pale tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Shikamoo, marahaba, akaikunja karatasi bila kuisoma, akaniuliza chupa iko wapi. Nikamletea. Akafungua kifuniko, akanusa, akanisogezea puani.

"Kijana, uliosha?"

Ilikuwa inanuka siki.

Sasa karatasi ikasomeka. Molekuli kubwa inajigeuza polepole ndani ya kimiminika, kama tembo kitandani, na sauti yake kwenye NMR inatoka pana na nzito. Molekuli ndogo inajizungusha upesi na sauti yake ni kali, nyembamba. Kilima ni asetili iliyoshikamana na wanga. Mnara ni asidi ya asetiki iliyobaki peke yake kati ya punje, haijashikamana na kitu, ambayo ingeondoka kwa maji ya bomba na subira. Titresheni haitofautishi: alkali inaliwa na asidi huru kama inavyoliwa na asetili. Ndiyo maana utaratibu unataka kwanza uondoe asidi huru kwa kuifikisha pinki, ndipo utie alkali ya kuhesabu, na mimi hatua hiyo niliiruka kwa sababu niliona ni ya watu wasioosha wanga wao vizuri. Kilima peke yake kilikuwa 0.25 ukiweka glukosi kuwa 1. Gawa kwa tatu: 0.083. Nikaosha mara sita, nikapima upya, mililita 5.0, asilimia 2.15. Ukiigeuza hiyo kuwa kiwango cha ubadilishaji unapata 0.083 ileile. Glavu moja kwa kila glukosi kumi na mbili.

Na wa ndoo? 0.081.

Mapacha! Nikaandika ripoti ya kurasa tano yenye michoro ya rangi. Kiwanda kikachukua kilo za wanga wangu, kikapika sosi ya majaribio, na haikupita muda simu ikaja. Sosi imekuwa maji. Ya ndoo ingali imesimama chupani kama askari.

Kulikuwa na dalili niliyoiona na kuipuuza, naikiri hapa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na jibu. Aliyeziendesha sampuli zangu kwenye NMR aliandika mstari mmoja chini ya barua pepe: sampuli ya pili, ile ya ndoo, haikuyeyuka yote, kuna jeli chini ya mrija. Nilidhani ni uvivu wa kukoroga. Mashine ilikuwa imenipa habari za sehemu iliyokubali kuyeyuka, ikanyamaza kuhusu iliyokataa.

Likizo ikafika, nikaenda Pangani na vikopo viwili. Sikuwa na mpango wa kisayansi, nilikuwa nimechoka. Shangazi akaviona, akauliza, nikamweleza, akasema tuvipike. Nikamwekea sharti moja tu, asionje. Akabandika sufuria mbili, wanga sawasawa, maji sawasawa, na zilipoanza kuchemka akazitia maji ya ukwaju, kwa sababu nilimwambia sosi ni chachu na yeye uji wa ukwaju anaujua tangu utotoni. Akakoroga kwa miiko miwili, huku na huku.

Wa kwangu ulipanda upesi, ukang'aa, ukawa mzito mpaka mwiko ukasimama. Dakika chache za ukwaju na mkorogo, ukalegea. Akanyanyua mwiko, ukavutika uzi mrefu. "Mlenda," akasema, bila dharau. Wa ndoo ulichelewa kuwa mzito, haukung'aa sana, lakini ulipokuwa mzito haukurudi nyuma. Akakoroga mpaka mkono ukamchoka. Akanyanyua mwiko, ukadondoka mabonge mafupi mafupi.

Akaufunika ule wa pili. "Huu umefungwa," akasema.

Kwetu mtu anafungwa, biashara inafungwa, hata mvua inafungwa, na mfungaji ni wanga wale wa makaburini. Nilicheka. Usiku kitandani nikaacha kucheka.

Glavu zinazuia mikono isishikane. Ila kuna kemikali zinazofanya kinyume chake: zina ncha mbili, na kila ncha inashika mkono wa mnyororo tofauti. Fosfati inaweza kufanya hivyo. Asidi ya adipiki inaweza pia. Ukiitia kiasi kidogo ndani ya ile anhidridi ya asetiki, unapata wanga wenye glavu nyingi na madaraja machache kwa mpigo mmoja. Kwenye lebo za vyakula wanga wenye asetili peke yake unaitwa E1420. Wenye asetili na madaraja ya adipiki ni E1422. Nenda jikoni sasa hivi, geuza chupa ya sosi au kikopo cha mtindi wa matunda, uwezekano ni mkubwa utaikuta mojawapo, au kaka yao E1442 mwenye madaraja ya fosfati.

"Ule wa asetili." Hakunidanganya, alisema nusu.

Madaraja ni machache kiasi gani? Kikomo cha adipiki kwenye E1422 ni asilimia 0.135 ya uzito. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha nikapata daraja moja kwa kila glukosi 500 na zaidi, na hicho ni kikomo, watengenezaji wengi hawana haja ya kukifikia. Kwenye NMR glavu moja kati ya glukosi kumi na mbili inaonekana kama kilima. Daraja moja kati ya mia tano linazama kwenye mtetemo wa mstari wa chini, na hata ungelitafuta kwa kioo cha kukuzia ungekuwa unajidanganya. Bureti ndiyo kabisa. Lakini mwembe mmoja wa amilopektini una glukosi malaki, kwa hiyo unaguswa na madaraja mengi, na kila daraja linaufunga na jirani yake, naye na jirani yake, mpaka punje nzima inakuwa kama kapu lililosukwa. Inavimba kwenye maji ya moto lakini haipasuki. Asidi ikikata uzi mmoja, mingine inashika. Nilirudi chuoni nikauangalia uji wa ndoo kwa hadubini: punje zilikuwa zimevimba, nyingi ziko nzima, moja moja. Za kwangu zilikuwa matambara. Tukaazima muda kwenye mashine inayopika wanga huku ikipima mnato wake, joto likipanda hadi nyuzi 95 na kasia likizunguka. Mstari wa wanga wangu ulipanda kilele ukaporomoka, wa ndoo ulipanda ukakaa. Shangazi aliuona mchoro huo wiki tatu kabla ya mashine.

Ushahidi wa mwisho ulihitaji kulivunja daraja ili lionekane. Likiwa mahali pake halina sauti. Unaufanya wanga uvuliwe kila kitu kwa alkali, unatia asidi, asidi ya adipiki iliyokuwa daraja sasa inaelea peke yake, unaikamua kwa kiyeyushi, unaifanya iweze kuruka kama mvuke, unaipitisha kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha mvuke mmoja na mwingine na kuchora kilele kwa kila mmoja. Pamoja nayo unatia kiasi unachokijua cha asidi ya glutariki, ndugu yake aliyepungukiwa kaboni moja, awe shahidi: kikipotea kitu njiani, vinapotea vyote viwili, na uwiano unabaki kweli. Na kabla ya yote unapima sampuli nyingine bila kuivua, ujue kuna adipiki huru kiasi gani ambayo haikuwahi kuwa daraja.

Safari hii niliosha kwanza. Mzee wa maabara alinusa.

Kilele kikatoka mahali pake. Kidogo, safi, chini kabisa ya kikomo.

Hapo kiwanda kiliridhika na mwalimu akaridhika, ila mimi nilikuwa nimepata ugonjwa. Kama namba mbili zinazofanana, 0.083 na 0.081, ziliweza kuficha daraja, zinaficha nini kingine? Glavu moja kwa kila glukosi kumi na mbili ni wastani. Zinaweza kuwa zimepangwa moja, tupu kumi na moja, moja, tupu kumi na moja. Zinaweza kuwa zimerundikana kumi mahali pamoja na kuacha glukosi mia moja na kumi tupu. Bureti inatoa jibu moja kwa zote mbili. Na kwa kweli hazipangwi sawasawa, kwa sababu punje haijapikwa wakati wa kuivisha: kemikali inaingia kwa urahisi sehemu zilizolegea, mahali amilosi inapojikunja na karibu na vichipukizi vya matawi, na inapata shida kuingia kwenye tabaka zilizobana kama fuwele.

Kifaa kizuri cha kusoma mpangilio huo ni kimeng'enya. Mnakijua bila kujua. Mtoto akiacha uji nusu bakuli baada ya kuuchezea na kijiko alichokilamba, ukirudi baadaye unakuta umekuwa maji: mate yake yanakata minyororo. Mama anayetia unga wa kimea kwenye uji mzito wa mtoto ukalegea bila kuongezwa maji anafanya kemia hiyohiyo, kwa kusudi. Mimi nilitumia amilesi ya aina ya beta, inayopatikana kwa wingi ndani ya viazi vitamu, mojawapo ya sababu kiazi kikichomwa taratibu kinazidi utamu. Tabia yake ni ya mtu mwenye nidhamu. Inaanzia ncha moja ya mnyororo, inakata glukosi mbili, inasogea, inakata mbili. Ikifika penye tawi inasimama. Ikikuta glavu, inasimama. Amilopektini isiyoguswa inaliwa zaidi ya nusu kidogo kabla matawi hayajaizuia. Ikiwa na glavu karibu na ncha, inaliwa kidogo sana. Zikiwa zimejificha ndani, karibu na matawi, inaliwa karibu kama ya asili. Kwa hiyo unapima sukari iliyotoka, na sukari inakuambia glavu zilikaa wapi.

Niliupa wanga wangu kimeng'enya hicho, sukari ikapungua ukilinganisha na wa asili, lakini kwa kiasi kidogo kuliko ambavyo ingepungua kama glavu zingemwagwa ovyo kila mahali. Nyingi zilikuwa ndani. Nikauvua matawi kwa kimeng'enya kingine, isoamilesi, kinachokata penye tawi tu, nikabaki na rundo la minyororo mifupi ya kupangwa kwa urefu, na huko ndiko nilikotumia mwaka wa pili. Kuna michoro ya miezi minne ninayoweza kuwaonyesha wenye moyo. Nilichokipenda ni kwamba kila kifaa kiliniuliza swali lake: bureti inauliza ngapi, NMR inauliza zimeshika au zimelala tu pembeni, kimeng'enya kinauliza wapi, na sufuria inauliza utahimili? Nilikuwa nimeianzia kazi kwa ile rahisi, nikaishia kwa ile ambayo Shangazi angeanza nayo.

Wanga wa ndoo ulibaki kama robo kilo. Nilimpelekea Shangazi, nikijua atausifu. Akapika kidogo, akautumia kutia kanzu ya baba mdogo iliyokuwa inakwenda kwenye maulidi. Wanga wa muhogo wa kawaida unapikwa ukapasuka, ukaingia ndani ya nyuzi za kitambaa, ukainyoosha kanzu kama karatasi. Ule wa kapu lililosukwa ulibaki nje. Pasi ilipopita, kanzu ilikuwa laini vilevile, na kifuani palikuwa na vipele vyeupe kama chokaa.

Alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Mwanangu," akasema, "ule wako wa maji, ule wa mlenda, bado unao?"